Tairi la Black Mamba

Mtaani Kianda tunabishana: safari ndefu, uchukue baiskeli ya lami ama graveli? Mimi huanzia kwa Black Mamba, ile chuma nyeusi ya kubeba maziwa na makaa. Tairi lake ni inchi 28 kwa 1½, karibu milimita 40 upana. Graveli za leo, zingine bei ya pikipiki, ziko hapo hapo! Za lami, nyingi ni nyembamba zaidi. Na Tour de France ya 1903 ilipita kwa vumbi.

Sule Kangangi alishindana kwenye lami na Bike Aid, akahamia changarawe na Team Amani. Alifariki mbioni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Kwa hivyo hakuna baiskeli ya usalama. Lakini huku mtu hununua moja tu, na murram haiko mbali. Nachukua 40.