Kijiji Kilichojifungia

Katika jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza, kiko kijiji kidogo kiitwacho Eyam. Kimejengwa ubavuni mwa kilima kirefu. Upande wa kusini ni nchi ya mawe ya chokaa, yenye mabonde membamba na malisho mazuri. Upande wa kaskazini ardhi hupanda ghafula mpaka kwenye uwanda wa juu, wenye baridi na upepo, usioota ila vichaka vifupi na majani magumu. Kijiji hicho, pamoja na mashamba yaliyotawanyika pande zote na sehemu ya uwanda ule, vilikuwa parishi moja, yaani eneo lililohudumiwa na kanisa moja. Katika uwanja wa kanisa umesimama hata leo msalaba wa jiwe uliochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Katika karne ya 17 wenyeji wa Eyam walifuga kondoo, walilima mashamba madogo, na wengi wao walichimba madini ya risasi. Hawakuwa watu wa fahari, wala sifa zao hazikuvuma mbali. Kutoka kwao mpaka mji mkuu wa London ni zaidi ya kilomita 200, na katika siku zile za farasi na mikokoteni safari hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Hata hivyo, jambo lililotokea London mwaka 1665 liliwafikia milimani kwao, na likalifanya jina la kijiji chao lisisahaulike.

Mwaka huo tauni iliingia London, ikaua watu wengi mno. Vifo vilivyoandikwa kuwa vya tauni vilizidi 68,000. Masimulizi ya kijiji husema kwamba, kabla ya majira ya joto kwisha, mshoni mmoja wa Eyam aliletewa bunda la vitambaa kutoka London. Vitambaa vilikuwa na unyevu, kwa hiyo msaidizi wake, George Viccars, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Inadhaniwa kuwa ndani yake mlikuwa na viroboto wenye ugonjwa. Kama bunda lile ndilo lililouleta ugonjwa au sivyo, daftari la kanisa linaonyesha ya kuwa Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Muda si muda akafuata mtoto wa nyumba ile ile, kisha majirani.

Tauni ni ugonjwa wa kutisha. Mgonjwa hushikwa na homa kali, huvimba mitoki kinenani au kwapani, na wakati ule wengi walikufa katika siku chache tu. Watu wa zama zile hawakujua asili yake. Wengine walidhani hutokana na hewa mbaya, wengine waliona ni adhabu ya Mungu. Kijidudu chenyewe hakikujulikana mpaka mwaka 1894, alipokigundua daktari Alexandre Yersin huko Hong Kong. Basi watu wa Eyam walipigana na adui wasiyemwona, na ambaye hata wenye elimu wa siku zao hawakumfahamu.

Majira ya baridi yalipofika vifo vilipungua, na katika masika ya mwaka 1666 wengi walianza kutumaini kwamba balaa limepita. Lakini mwezi wa Juni, joto liliporudi, tauni nayo ikarudi kwa nguvu. Wachache wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka. Wengine nao sasa walifikiri kukimbilia Sheffield na miji mingine ya jirani. Kama wangalifanya hivyo, huenda wangaliuchukua ugonjwa pamoja nao katika kila nyumba iliyowapokea.

Hapo ndipo walipotokea watu wawili ambao hakuna aliyetazamia kuwaona bega kwa bega. Wa kwanza ni William Mompesson, kasisi wa parishi, kijana ambaye hajatimiza miaka 30, aliyefika Eyam mwaka 1664. Wa pili ni Thomas Stanley, aliyekuwa kasisi kabla yake. Uingereza ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mambo ya dini yalikuwa yamewagawanya watu vibaya. Mwaka 1662 serikali iliwaamuru makasisi wote wafuate kitabu kimoja cha sala. Stanley alikataa, kama walivyokataa wengine wengi, akaondolewa kazini. Wengi wa wanakijiji walimpenda yeye, wakamtazama Mompesson kama mgeni aliyepewa kiti cha mwenziwe. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini tembo hawa wawili walikataa kupigana. Mompesson alijua kwamba pasipo Stanley watu hawatamsikiliza, na Stanley naye akaiweka kando haki yake iliyovunjwa. Wakasimama mbele ya watu pamoja.

Mashauri waliyoyatoa yalikuwa matatu. La kwanza, maiti zisizikwe tena katika uwanja wa kanisa, bali kila jamaa wawazike watu wao upesi, katika bustani au shamba lao. La pili, kanisa lifungwe, na ibada ifanyike nje, katika bonde liitwalo Cucklett Delph, kila jamaa wakisimama mbali na wenzao. La tatu, lililo zito kuliko yote, ni kwamba mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji mpaka tauni iishe.

Watu hawawezi kukaa kifungoni bila chakula. Mompesson alimwandikia Earl wa Devonshire, mkuu aliyekuwa na jumba lake huko Chatsworth, karibu na Eyam, naye akakubali kuwasaidia kwa chakula na mahitaji mengine. Vitu viliwekwa penye mipaka, na waliovileta wakaenda zao kabla wenyeji hawajaja kuvichukua. Katika njia ya kwenda Stoney Middleton liko jiwe lenye mashimo. Humo watu wa Eyam walitia fedha zao ndani ya siki, wakiamini kuwa siki huondoa ugonjwa. Juu, kwenye njia ya uwandani, fedha zilitiwa katika maji ya chemchemi ambayo mpaka leo huitwa kisima cha Mompesson. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na pande zote mbili za mpaka palikuwa na marafiki wa namna hiyo.

Agosti 1666 ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Katika mwezi huo mmoja walikufa zaidi ya watu 70. Katika shamba la Riley, nje kidogo ya kijiji, mama mmoja, Elizabeth Hancock, aliwazika mumewe na watoto wao sita katika muda wa siku nane. Aliwazika peke yake, kwa sababu hapana jirani aliyethubutu kumkaribia. Makaburi yao yangaliko, yamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe katikati ya malisho. Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake wawili kwa jamaa huko Yorkshire, lakini mkewe, Catherine, alikataa kumwacha. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwatazama wagonjwa, hata akaugua mwenyewe, akafa mwezi huo wa Agosti. Mumewe akawaandikia watoto barua kuwaarifu kwamba mama yao hayupo tena.

Mtu wa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba 1666. Katika miezi 14 parishi ilikuwa imepoteza watu wapatao 260. Lakini ugonjwa haukuenea katika vijiji na miji ya jirani.

Msomaji atakayetaka kuwa mwanahistoria hapana budi ajiulize maswali. Kwanza, tunajuaje habari hizi? Majina na tarehe twazipata katika daftari la kanisa, na mambo mengine katika barua chache za Mompesson zilizohifadhiwa. Lakini visa vingi vilivyojaa utamu viliandikwa muda mrefu baadaye, hasa katika kitabu cha William Wood kilichochapishwa mwaka 1842, na haifai tuvipe uzito ule ule. Hata hesabu ya wakazi ina mashaka. Vitabu vya zamani vilisema walikuwa 350 tu, maana yake watatu kati ya kila wanne walikufa. Uchunguzi wa baadaye waonyesha kwamba walikuwa karibu 700, au hata zaidi. Msiba haupungui kwa kusahihisha hesabu. Theluthi moja ya majirani zako si hasara ndogo.

Pili, je, walifanya vyema? Wako wasemao kwamba kujifungia kuliwaua watu wa Eyam wenyewe, kwa kuwa wazima walibaki karibu na wagonjwa. Ni kweli kwamba wengi wa waliokufa walikufa baada ya mapatano ya Juni. Tena wataalamu waliolichunguza daftari la vifo kwa njia ya hesabu walieleza mwaka 2016 kwamba yamkini robo tatu ya maambukizo yalipita kutoka mtu hadi mtu, si kwa panya na viroboto peke yao. Ikiwa ndivyo, basi kubaki kulikuwa hatari kubwa kuliko walivyojua. Lakini hoja hiyo hiyo ina upande wa pili: ikiwa mtu alimwambukiza mtu, basi kila aliyekaa nyumbani alizuia ugonjwa usifike mahali pengine.

Wala si haki kusema kwamba wote walichagua kwa uhuru sawa. Matajiri walikuwa na mahali pa kwenda. Mchimba madini mwenye watoto watano angekwenda wapi? Hata kasisi aliwaondoa watoto wake mapema. Tukiyasema haya hatuwavunjii heshima wale waliobaki. Twawatazama kama walivyokuwa, yaani watu wenye hofu na wenye kupenda watoto wao, waliokuwa na sababu zote za kukimbia, na bado wakabaki.

Stanley alifariki mwaka 1670. Mompesson alihamishwa mwaka 1669 kwenda Eakring, katika Nottinghamshire, ambako watu walimwogopa mwanzoni kwa kuwa alitoka mahali pa tauni. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu wa Eyam hukusanyika kuwakumbuka waliokufa. Mpaka wao haukuwa na ukuta wala askari wa kutosha kuwazuia watu zaidi ya mia. Ulikuwa ni jiwe lenye mashimo, kisima njiani, na ahadi ya majirani. Kila usiku wa majira yale ya joto mtu yeyote angaliweza kuuvuka, na wengi wao hawakuuvuka.