Dawa za upara na jicho la kinyozi wa Mathare

Kando ya Juja Road jijini Nairobi, kuanzia Mlango Kubwa hadi Mathare 4A, vibanda vya vinyozi viko vingi. Mwanamume anayepungukiwa nywele utosini hupewa humo suluhisho la bei nafuu kuliko yote: mashine ipite, kichwa kibaki kipara. Wengine huelekezwa kwenye maji ya kitunguu, mafuta ya nyonyo au kichupa cha kutoka ng'ambo. Kabla ya mtu kutoa pesa, yafaa ajue tiba za upara zilipatikanaje.

Mafuta ya kupaka ni ya kale sana. Hati ya tiba ya Misri iitwayo Ebers, ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, inaagiza mchanganyiko wa mafuta ya simba, kiboko, mamba na nyoka. Hakuna kichwa kilichoota nywele kwa hayo. Lakini Wagiriki wa zama za Hippocrates waliona jambo la maana: matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alieleza sababu yake. Wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao, ila walipopewa homoni ya testosteroni, wale wenye upara katika ukoo walianza kupukutika nywele.

Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika habari za jamaa za Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi. Walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakupata upara. Kampuni ya Merck ilifuata dalili hiyo ikatengeneza finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume iliyovimba na mwaka 1997 kwa upara. Minoksidili nayo ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Wagonjwa walipoota nywele wasizozitarajia, ikatengenezwa ya kupaka na kuidhinishwa mwaka 1988.

Dawa zote mbili hutaka subira ya miezi, na mtu akiziacha, nywele hupukutika tena. Finasteridi huweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watumiaji, na mjamzito hapaswi kushika vidonge vyake vilivyovunjika, kwa kuwa huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Upandikizaji ulianza Japani na Shoji Okuda mwaka 1939. Huko New York, Norman Orentreich aliufanya mwaka 1952 na kuonyesha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa utosini huendelea kuota. Leo Istanbul ni kituo chake kikubwa. Lakini nywele zetu zilizojikunja zina mizizi iliyopinda chini ya ngozi, hukatika kwa urahisi zinapong'olewa, na ngozi nyeusi huelekea zaidi kufanya makovu yaliyovimba. Anayekwenda huko amtafute daktari aliyezizoea nywele za namna hii.

Katika historia hii yote, tiba zilizofaa zilianzia kwa watu walioutazama mwili kwa makini. Mathare, mtu anayekitazama kichwa cha mwanamume mara kwa mara ni kinyozi wake. Ndiye anayeona vipele vya kisogoni ambavyo, vikiachwa, hugeuka makovu yasiyoota nywele tena. Ndiye anayeona doa la mviringo lililotokea ghafla, na mashilingi kwenye vichwa vya watoto, ambayo krimu peke yake haiyamalizi kwa sababu kuvu imejificha ndani ya unywele. Mashilingi hayo yanahitaji dawa ya kumeza. Spiriti na mashine safi pia ni kinga.

Kwamba kinyozi anaweza kubeba kazi ya afya si ndoto. Huko Los Angeles, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha wateja weusi 319 katika vibanda 52 vya vinyozi; baadhi yao walikutanishwa humo na wafamasia, na shinikizo la damu la waliotibiwa hivyo likashuka sana. Kaunti ya Nairobi ina wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mitaani. Wawaingize vinyozi wa Mathare katika mafunzo, wawaoneshe tofauti kati ya upara wa ukoo na ugonjwa unaotibika, na kliniki ya kumpeleka mteja. Upara wa ukoo hauumizi, na mwanamume anaweza kuunyoa akaishi kwa amani. Kovu lililoachwa bila tiba halina mashine ya kulirekebisha.