RAID (kikosi cha polisi)

RAID ni kikosi maalumu cha Polisi ya Taifa ya Ufaransa, kilichoundwa mwaka 1985. Makao yake makuu yako Bièvres, nje kidogo ya Paris. Huokoa mateka, hukamata wahalifu hatari na hupambana na magaidi. Kisichanganywe na GIGN, kikosi cha jandarmeria (jeshi lenye kazi za polisi), wala BRI ya polisi wa Paris.

RAID ilipata sifa kubwa Mei 1993, mtu aliyejifunga mabomu alipowateka watoto wa chekechea huko Neuilly-sur-Seine. Mazungumzo yaliendelea kwa takriban saa 46. Hatimaye askari waliingia alipokuwa amesinzia, wakamuua, na watoto waliobaki wakatoka salama. Subira ile ndiyo iliyowaokoa.

Subira hiyohiyo haikufaa tena miaka ya baadaye. Tarehe 13 Novemba 2015 watu 90 waliuawa na magaidi katika ukumbi wa Bataclan, Paris. Washambuliaji wa aina hii huanza kuua mara moja, wala hawana dai la kujadiliwa. BRI iliongoza uvamizi wa mwisho ukumbini, ikisaidiwa na RAID. Siku tano baadaye RAID ilivamia maficho ya magaidi Saint-Denis.

Katika kukabiliana na mashambulizi kama hayo, udhaifu mkubwa ulikuwa mipaka ya kimamlaka kati ya vikosi. Mpango wa taifa wa Aprili 2016 uliiondoa wakati wa dharura: kikosi kilicho karibu zaidi ndicho kinachoingia kwanza, kwa lengo la kufika popote nchini ndani ya dakika 20.