Hamira, Chachu au Kuvu? Historia ya Majina ya Ugonjwa Mmoja

Miongoni mwa maneno yanayomtatiza mfasiri wa maandishi ya tiba, yapo machache yanayoonekana mepesi kiasi kwamba hakuna anayeyatilia shaka. Mfasiri hulikuta neno la kigeni, hufungua kamusi, hupata tafsiri yake mara moja, akaendelea na kazi. Neno la namna hiyo ni lile ambalo Waingereza hulitumia kwa kitu kinachoumua mkate na, papo hapo, kwa kiumbe kinacholeta utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga. Kamusi hutupa hamira na chachu. Kwa mwoka mikate tafsiri hizo ni sahihi kabisa. Kwa mgonjwa zaweza kuleta hasara, na katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini, kwa kuifuata historia ya majina ya ugonjwa wenyewe.

Yafaa kwanza tuvitenge viumbe hivyo viwili. Hamira ya dukani ni kiumbe ambacho wanasayansi hukiita Saccharomyces cerevisiae. Kile cha ugonjwa huitwa Candida albicans. Vyote viwili ni kuvu, huzaana kwa kuchipua, na mtu akivitazama kwa hadubini aweza kudhani kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Lakini hiki cha pili kina tabia ya kurefuka kikawa nyuzi zinazopenya ngozi laini ya ndani ya kinywa, ya koo na ya uke. Tena hakitoki kwenye mkate. Watu wengi wenye afya njema huishi nacho kinywani na tumboni bila ya kujua, kwa kuwa bakteria waishio mahali hapo, pamoja na kinga ya mwili, hukizuia kisizidi. Kinapozidi, sababu hutafutwa kwa yule aliyekibeba: mtoto mchanga ambaye kinga yake haijakomaa, mama mjamzito, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aliyetumia kwa muda mrefu dawa za antibiotiki zilizowaua bakteria na kuiacha kuvu, mzee mwenye meno ya bandia, au mtu ambaye kinga yake imevunjwa na maradhi mengine.

Watu wa kale waliuona utando kabla hawajakiona kiumbe. Maandishi ya waganga wa Kiyunani yanayohusishwa na Hippocrates yanataja vidonda vya kinywa miongoni mwa maradhi ya watoto wachanga, na neno lao, aphthai, lilibeba mambo mengi kwa pamoja. Wafaransa waliuita ugonjwa huu muguet, jina la ua dogo jeupe. Waingereza waliupa jina ambalo pia ni la ndege mmoja mwimbaji, ingawa ndege huyo hana uhusiano wowote na kinywa cha mtoto. Mfasiri mwenye haraka na ajihadhari. Hayo yote ni majina ya mtu atazamaye kwa macho matupu, na hatuyabezi, kwani yalimtosha mama na mkunga kwa karne nyingi.

Mwaka 1839 tabibu wa Kijerumani Bernhard von Langenbeck aliiona kuvu katika utando wa mgonjwa wa homa ya matumbo, akadhani kuwa ndiyo iliyoleta homa. Kitu alikiona, maana yake ikampita. Miaka miwili baadaye Fredrik Theodor Berg, aliyekuwa akiwatibu watoto wa nyumba ya malezi mjini Stockholm, alieleza kuwa kuvu ndiyo iliyo asili ya utando wa watoto. Alifika mpaka kuutia utando wa mtoto mgonjwa vinywani mwa watoto wazima, nao wakaugua, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa hata kidogo. Watumishi wa serikali wanaosoma jarida hili huenda wakapendezwa kujua kwamba Berg huyohuyo ndiye aliyekuja kuongoza kwanza ofisi ya takwimu ya Uswidi, mwaka 1858. Mwaka 1842 David Gruby aliyaeleza mambo kama hayo mjini Paris.

Baada ya kiumbe kuonekana, ndipo fujo ya majina ilipoanza. Mwaka 1853 Mfaransa Charles Robin alikiita Oidium albicans. Mwaka 1890 Mjerumani Zopf alikihamishia katika jamii nyingine, kikawa Monilia albicans, jina litokanalo na neno la Kilatini la mkufu, maana seli zake hushikamana kama shanga. Jina hilo lilienea sana, na kwa miaka mingi matabibu wa Ulaya na Marekani waliandika moniliasisi katika vyeti vya wagonjwa. Tatizo ni kwamba Monilia lilikuwa pia jina la kuvu zinazoozesha matunda. Mwanamke wa Kiholanzi, Christine Berkhout, ndiye aliyezitenga kuvu hizo katika tasnifu yake ya mwaka 1923, akaunda jina Candida. Mwaka 1954 wataalamu wa elimu ya mimea walikubaliana jina hilo lihifadhiwe rasmi. Mfasiri wa kitabu cha tiba cha kabla ya hapo, basi, hana budi kujua kuwa monilia ya jana na kandida ya leo ni kitu kimoja, asije akamwandikia mwanafunzi maradhi mawili.

Na maana ya jina hilo tukufu ni nini? Candida ni neno la Kilatini la weupe. Warumi waliogombea vyeo walivaa joho lililoitwa hivyo. Albicans ni kitu kinachogeuka kuwa cheupe. Jina zima, kwa hiyo, lasema tu kwamba cheupe hiki kinakuwa cheupe. Wale wanaodhani kuwa istilahi za kisayansi za kigeni zimejaa hekima ambayo lugha yetu haiwezi kuifikia wangefanya vema kulitafakari.

Dawa ya kwanza yenye nguvu na salama ilitokana na kazi ya wanawake wawili wa idara ya afya ya jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walioitangaza mwaka 1950. Mmoja alifanya kazi mjini New York, wa pili Albany, nao walipelekeana sampuli za udongo kwa posta. Dawa ilipatikana katika udongo wa shamba la Virginia, ikapewa jina la nistatini kwa kulikumbuka jimbo lao. Ilihitajika sana wakati huo, kwani antibiotiki zilikuwa zimeanza kutumiwa kwa wingi, na kila zilipowaua bakteria kuvu ilijinafasi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ugonjwa huu waweza kuletwa na tiba yenyewe.

Kwetu Afrika ya Mashariki utando huo ulipata maana mpya na ya kutisha katika miaka ya 1980. Taarifa ya kwanza ya Marekani, ya tarehe 5 Juni 1981, ilihusu vijana watano wa Los Angeles, na pamoja na nimonia isiyo ya kawaida walikuwa pia na kuvu ya kandida. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ambako watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikija kwa biashara ya mpakani. Kisha lugha yetu ikaunda UKIMWI, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini, ambao baadaye wengi waliusema Upungufu, nao ni usahihi zaidi, kwa kuwa kinga hupungua kabla ya kukosekana. Mwezi Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani lilikutanisha wataalamu mjini Bangui ili wapatikane waganga watakaoutambua ugonjwa pasipokuwa na maabara. Dalili kubwa zilikuwa kukonda, kuharisha na homa ya muda mrefu. Miongoni mwa dalili ndogo uliwekwa utando wa kandida wa kinywa na koo.

Hebu tufikiri maana ya hayo kwa muuguzi wa zahanati. Utando mweupe kwa mtu mzima ambaye hajatumia antibiotiki wala hana kisukari ulikuwa ishara ya kumtaka achunguzwe zaidi, na hata leo ni hivyo. Mwongozo ulioandika "utando mweupe unaofuta kwa shida, ukifutwa huacha wekundu" ulimpa muuguzi kitu cha kutazama. Mwongozo ambao ungeandika "hamira mdomoni" ungemfanya aulize mgonjwa amekula nini asubuhi.

Hofu hiyo si ya kubuni. Wakati huohuo Marekani kulikuwa kumezuka nadharia nyingine kabisa. Mwaka 1978 daktari Orian Truss wa Alabama alianza kuandika kwamba kandida iliyozidi tumboni huathiri mwili mzima, na mwaka 1983 William Crook aliieneza fikra hiyo katika kitabu kilichosomwa na watu wengi mno, akiilaumu kuvu kwa uchovu, huzuni, maumivu ya kichwa na mengineyo, na kuwashauri wasomaji waache sukari, mkate na kila kilichotiwa hamira. Mwaka 1986 chama cha madaktari wa mzio cha Marekani kilisema kuwa nadharia hiyo ni dhana isiyothibitishwa. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 42 waliodhaniwa kuwa na hali hiyo: nistatini iliwafaa kwa dalili za uke, lakini kwa uchovu na huzuni haikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa. Uchovu wa watu hao ulikuwa wa kweli, na hatuudharau. Kilichokosewa ni mshtakiwa. Nasi twaona kuwa sehemu ya kosa ilikaa katika neno lenyewe. Kwa sababu Kiingereza hakikutenga kuvu ya mwilini na hamira ya jikoni, ilikuwa rahisi kumshawishi msomaji kwamba mkate wake ndio unaomwumua tumbo. Kiswahili kinayo maneno ya kutenga. Ingekuwa ajabu kama tungeyaacha ili tulikope na kosa.

Maneno hayo ni yapi? Hamira ibaki kwa mwoka mikate na mpishi wa maandazi. Chachu ina kitenzi chake, kuchacha, nayo husema habari ya kitendo kuliko kiumbe: togwa huchacha, maziwa huchacha, lakini kinywa cha mtoto hakichachi. Ukungu ni wa mkate uliolala na wa asubuhi ya milimani. Kuvu ndilo neno pana linalofaa jamii nzima, na vitabu vya biolojia vimekwisha kulitumia hivyo. Kama tuseme kuvu hii au kuvu huyu, madhali ni kiumbe hai, tunawaachia wanasarufi. Fangasi nalo limekwisha kuingia katika zahanati na maduka ya dawa, hata hatuoni faida ya kulifukuza, ila lisizifunike choa, mba na mapunye, ambazo kila moja ina jina lake la kale na mahali pake pa mwili.

Kwa kiumbe chenyewe tunapendekeza kuvu ya kandida, pale tu inapohitajika kukitaja. Kwa ugonjwa wa kinywa, utando mweupe unatosha. Hatushauri kuujengea ugonjwa jina juu ya lile la kisayansi, kwani majina hayo hayatulii: katika orodha ya kuvu 19 za hatari iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, mojawapo ya zilizokuwa zikiitwa Candida imekwisha kuhamia jina la Nakaseomyces. Lugha za kigeni zenyewe bado zinabishana kama zimalizie neno kandidiasisi au kandidosisi.

Jambo linalotaka uangalifu zaidi ni kuzitenga hali tatu. Kuvu kuwapo mwilini si ugonjwa. Kuvu kuzidi ni ugonjwa wa mahali, na kwa kawaida hutibika. Kuvu kuingia damuni, kama itukiavyo kwa wagonjwa mahututi waliowekewa mipira mishipani, ni hatari ya kifo; mwenzake kandida, Candida auris, aliyeelezwa kwanza Japani mwaka 2009 na ambaye ameripotiwa nchini Kenya pia, huenea hivyo hospitalini na kushinda dawa nyingi. Maandishi yetu mengi huzifunga hali zote hizo katika neno maambukizo. Neno hilo humfanya msomaji aulize: nimeambukizwa na nani?

Swali hilo huumiza zaidi pale ugonjwa unapokuwa wa uke. Kwa adabu, waandishi wetu husema "ugonjwa wa wanawake" au "maradhi ya sehemu za siri", na tafsiri nyingine huuweka katika ukurasa mmoja na kaswende na kisonono bila neno la kueleza. Kandida ya uke haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Mjamzito na mwenye kisukari huipata bila ya kosa la mtu yeyote. Lakini mke arudipo nyumbani na karatasi iliyoandikwa "maambukizo ya sehemu za siri", huulizwa ameyatoa wapi, na mfasiri hayupo hapo kumjibia. Karatasi hiyo ingeweza kuandikwa "kuvu imezidi ukeni". Ni maneno matatu, na hakuna hata moja la kutungwa upya.