Wazee Wetu wa Reli: Kuwatafuta Wasio na Makaburi

Kwenye kuta za mahekalu yetu yamechongwa majina ya wafadhili, nasi twawashukuru. Lakini wapo wazee ambao majina yao hayakuchongwa popote: maseremala, waashi, wahunzi na makuli waliovuka Bahari ya Hindi katika miaka ya mwisho ya enzi ya Malkia Victoria ili kujenga Reli ya Uganda.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na ukafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu, mwezi Desemba 1901. Malkia mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwezi Januari mwaka huo. Kwa hesabu za wakuu wa reli, watu 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, wengi wao wakiwa wenyeji wa Punjab: Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Kati yao 2,493 walikufa, na 6,724 walibaki huku. Waliosalia walirudi kwao, maelfu wakiwa wagonjwa au wamelemaa.

Atakaye kumtafuta babu yake miongoni mwa hao ana kazi ngumu. Maskini wa Uingereza wa zama hizo aliandikwa jina, umri na kazi yake katika sensa ya kila miaka 10, na karatasi zile zikatunzwa. India nayo ilihesabiwa, lakini kilichotunzwa ni jumla ya watu, si majina. Tena sisi huchoma maiti zetu. Hakuna kaburi la kusomwa.

Hata hivyo njia ipo. Huko Haridwar, kando ya mto Ganga, makuhani wa mahujaji hutunza vitabu vya nasaba, vilivyopangwa kwa ukoo na kijiji cha asili. Familia ipelekapo majivu ya marehemu, kuhani huongeza jina lake chini ya baba na babu zake. Kwa hiyo mwenye kutafuta na aanze na wazee walio hai: awaulize jina la kijiji, la ukoo, na kazi ya mikono iliyorithiwa. Asiyejua kijiji chake hajui afunguliwe kitabu kipi.

Tuwe wakweli pia. Si kila Mhindi wa Afrika Mashariki ni mjukuu wa mjenzi wa reli. Wengi, hasa wa Gujarat na Kutch, babu zao walikuja kwa nauli zao wenyewe, na wafanyabiashara walikuwapo pwani kabla ya reli. Kujivika nasaba ya makuli ni kuwanyang'anya watu ambao hawakuacha ila jina.

Wala reli haikujengwa na Wahindi peke yao. Waafrika walifyeka njia, wakachimba udongo na kubeba mizigo. Majirani zetu wanaosoma ukurasa huu nao wana babu wasioandikwa.

Basi katika mwaka huu wa sherehe, kila nyumba na iandike majina, vijiji na kazi za wazee wake, na nakala iwekwe hekaluni, kabla wanaokumbuka hawajatutoka.