Most Wanted: Kutoka Banda la Gemu hadi Simu ya Mkononi

Need for Speed: Most Wanted ni gemu ya kufukuzana na polisi iliyotolewa na kampuni ya Electronic Arts Novemba 2005. Mchezaji ananyang'anywa gari lake, BMW M3 GTR, kisha anapanda ngazi ya madereva 15 wanaosakwa katika mji wa kubuni wa Rockport. Utamu wake uko kwenye msako. Kadiri mtu anavyozidi kukaidi, ndivyo magari ya polisi yanavyoongezeka, vizuizi vinawekwa na miiba inatandazwa barabarani. Anaweza kugonga nguzo za kituo cha mafuta ili paa liwaporomokee wanaomfuata, kisha akajificha mpaka wakate tamaa.

Kwenye mitaa ya uswahilini kama Tandale, Dar es Salaam, gemu za aina hii zilizoeleka katika mabanda ya PlayStation 2: chumba kimoja, TV ya chogo, benchi na pedi mbili. Banda, hata hivyo, ni himaya ya mpira. Mechi huisha upesi, anayefungwa anaachia pedi, foleni inasogea. Msako ni wa mtu mmoja na hauna dakika tisini. Wengi waliujua kwa kutazama kuliko kwa kucheza.

Toleo la PSP, mashine ya mkononi ya Sony, liliitwa Most Wanted 5-1-0, na lilitoka mwaka huohuo. Kioo cha PSP kilikuwa na upana wa nukta 480 na kimo cha nukta 272, na diski yake ilibeba takriban GB 1.8 tu. Waundaji walipunguza mengi. Uhuru wa kuzurura Rockport uliondolewa, na kila msako ukawa shindano linalochaguliwa kwenye orodha. Wakosoaji waliona hasara, na kwa mwenye PlayStation 2 nyumbani walikuwa na haki.

Lakini upunguzaji huohuo ndio uliolifaa toleo hili baadaye. Novemba 2012 Henrik Rydgård wa Sweden alitoa PPSSPP, programu inayoifanya simu ya Android iendeshe gemu za PSP. Simu za bei nafuu za Tecno na Itel zilipoenea, gemu iliyokuwa faili moja ikaweza kuhamishwa kwa memori kadi, kutoka simu hadi simu. Vitufe huchorwa juu ya kioo: kidole gumba cha kushoto kinakata kona, cha kulia kinakanyaga mafuta, na msako mmoja unaisha kabla daladala haijafika kituoni.

Programu yenyewe ni halali. Kunakili gemu bila ruhusa ya mwenyewe ni jambo jingine, linaloguswa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999.