Kitufe cha Kuzima: Historia Fupi ya Kujifunga kwa Wakala Mmoja wa Picha

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Misikhu, kwenye ile barabara ya Webuye kwenda Kitale. Yeye ni mpiga picha. Harusi na mahafali ndizo zinazompa ugali, lakini kwa miaka sita sasa amekuwa pia akipakia picha kwenye tovuti za mawakala wanne: mashamba ya mahindi, matrekta ya miwa, akina mama sokoni, mawingu juu ya Mlima Elgon. Hizi huitwa picha za stoku. Mteja, labda mchapishaji wa vitabu au kampuni ya mbegu, hainunui picha yenyewe bali leseni ya kuitumia, na mpiga picha hulipwa mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo.

Sasa mmoja wa mawakala hao amemwambia: jifunge kwetu peke yetu, tutakupandisha kutoka asilimia 20 hadi 30. Sharti ni kwamba picha zote zitoke kwanza kwa wale watatu wengine. Zipo 1,870. Akaniambia, "Ndugu yangu, si wewe ni mtu wa kompyuta? Niandikie kitu kizifute zote usiku mmoja."

Skripti ya namna hiyo si kazi kubwa. Lakini kabla ya kuandika programu yoyote ya kufuta vitu vya watu, mimi hupenda kujua wenzetu waliotangulia walipatwa na nini. Basi nikaingia kwenye historia, na ndiyo ninayowaletea leo.

Enzi ya filamu swali hili halikuwa gumu. Slaidi halisi ilikuwa moja. Ukimkabidhi wakala, imelala kwenye droo yake na haiwezi kulala kwenye droo ya mwingine. Kujifunga kulitokana na umbo la kitu chenyewe. Njia ya kukwepa ilikuwa kuwa wakala wako mwenyewe, kama alivyofanya Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 na baadaye akaihamishia Nairobi.

Kisha zikaja picha za dijitali. Mwaka 2000 Bruce Livingstone alianzisha iStockphoto huko Calgary, Kanada. Mwanzoni watu walibadilishana picha bure, baadaye zikaanza kuuzwa kwa bei ya chini sana. Shutterstock ya Jon Oringer ikafuata New York mwaka 2003. Sisi huku tulichelewa kidogo, kwa sababu nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na kupakia picha mia moja kutoka saiba ya Bungoma ilikuwa adhabu.

Faili, tofauti na slaidi, hunakilika. Picha ileile ya trekta inaweza kuuzwa na mawakala wanne saa ileile. Kwa mpiga picha hiyo ni neema, kwa wakala ni balaa, maana mteja anaweza kuipata kwa jirani kwa bei nafuu. Ndipo mkataba ukachukua kazi iliyokuwa ya droo. iStockphoto ikawapa wachangiaji waliokubali kujifunga kwake asilimia kubwa zaidi, nao wakaondoa picha zao za aina hiyo kwingine kote. Kwa wengi, kuzima picha kulianza kama kazi ya kawaida tu ya kuhama nyumba.

Wazee wetu wa Bungoma hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tangu Kampuni ya Sukari ya Nzoia ianzishwe mwaka 1975, wanajua maana ya kulima muwa kwa mkataba. Kiwanda kinakulimia, kinakupa mbegu na mbolea, nawe unaahidi kukiuzia kiwanda hicho tu. Ukishasaini, bei haiko mkononi mwako tena.

Na bei ya picha kweli ilibadilika. Februari 2006 Getty Images ilinunua iStockphoto kwa dola milioni 50. Septemba 2010 ukatangazwa mfumo mpya wa mrabaha ulioanza Januari 2011: wasiojifunga kati ya asilimia 15 na 20, waliojifunga kati ya 25 na 45, kutegemea mauzo ya mtu. Wapo walioshuka bila kukosa lolote.

Januari 2013 wachangiaji wakagundua kwamba picha zao zilikuwa zimetolewa kwa watumiaji wa Google Drive kwa makubaliano kati ya Getty na Google, huku wao wakipata malipo ya mara moja tu. Tarehe 2 Februari 2013 wakapanga siku ya kuzima, na maelfu ya picha yakaondolewa kwa makusudi. Mwezi huohuo iStockphoto ilivunja mkataba na Sean Locke, mmoja wa wachangiaji wake mashuhuri kabisa, ambaye alikuwa pia mwandishi wa skripti za kivinjari za kuwasaidia wenzake. Kama mwandishi wa programu, hapo nilisimama kidogo.

Halafu tarehe 1 Juni 2020 Shutterstock nayo ikabadilisha malipo: ngazi za asilimia 15 hadi 40, zinazorudi mwanzo kila Januari, na baadhi ya mauzo yakashuka hadi senti 10 za dola. Wachangiaji wengi wakazima akaunti zao tena.

Sasa tazameni tofauti. Waliozima mwaka 2020 hawakuwa wamejifunga. Picha zao ziliendelea kuuzwa kwa mawakala wengine siku ileile. Aliyejifunga, akizima mwaka 2013, alikuwa anazima sufuria yake mwenyewe jikoni. Kitufe ni kilekile. Anayekitumia ili kujifunga anakitumia mara moja, na baada ya hapo hakimsaidii tena kugoma.

Kuna na mambo ya kiufundi ambayo ni vizuri kuyajua. Kwanza, kuzima si kufuta. Kuzima ni kufunga duka, kufuta ni kulibomoa. Picha iliyofutwa ukiipakia upya huanza bila historia ya mauzo, na historia hiyo ni moja ya vitu vinavyoweza kuipandisha kwenye matokeo ya utafutaji. Pili, leseni zilizokwisha kuuzwa hazirudi, hivyo usishangae kuona trekta lako kwenye tangazo la mtu mwaka ujao. Tatu, soma masharti ya kutoka. Dreamstime, kwa mfano, iliweka sharti kwamba angalau asilimia 70 ya picha zako zikae kwake kwa miezi sita. Nne, hifadhi maneno ya kutafutia ndani ya faili zenyewe kabla hujagusa chochote.

Baada ya hayo nikampigia binamu tukakaa na hesabu. Mwaka jana wakala huyo alimpa shilingi 31,000, na wale watatu kwa pamoja 22,000. Jumla 53,000. Akipandishwa kutoka 20 hadi 30, zile 31,000 zinakuwa 46,500. Yaani anajifunga ili apoteze 6,500, akitumaini kwamba wakala atamwekea picha zake mbele na mauzo yataongezeka. Inawezekana. Lakini asilimia 30 imeandikwa na yeye, na anaweza kuiandika upya. Januari 2025 Getty Images na Shutterstock zilitangaza kwamba zinataka kuungana, kwa hiyo hata idadi ya milango ya kubisha inapungua.

Binamu alinyamaza muda mrefu, nikasikia matatu ikipiga honi nyuma yake. Kisha akasema, "Ada ya muhula ujao inatoka kwa hao watatu. Basi ngoja kwanza."

Skripti niliiandika hata hivyo. Inazima tu, haifuti, na kabla ya kuzima inahifadhi orodha ya kila picha na maneno yake. Imekaa kwenye kompyuta yangu. Akiamua siku moja, itamsubiri.

Kama nawe una picha kwa mawakala kadhaa, fanya hesabu yako kabla ya kubonyeza. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.